Kilomita Themanini za Papa Sagesse

Mume wangu Venant hajui kusema uongo kwa mdomo. Uongo wake wote aliuandika kwenye karatasi, kwa hesabu, akaupigia mstari chini. Ndiyo maana mwaka wa tisini na tisa nusura nibaki mjane.

Nianze na gari. Vita vya pili vilipoingia Bukavu, essence, yaani petroli, ikawa inauzwa kwa chupa za bia kando ya njia, na nusu ya chupa ilikuwa maji. Kwetu Kadutu magari yalisimama mpaka kuku wakataga ndani. Hata ule mtaa unaoitwa Essence haukuwa na tone. Venant alikuwa mwalimu wa umeme kwenye institut moja ya ufundi, na tulikuwa na Peugeot 404 ya zamani, ile yenye sehemu ya mizigo nyuma, aliyoachiwa na baba yake. Siku moja akarudi nyumbani na wanaume wanne wamebeba mota ya umeme mabegani. Ilitoka kwenye mashine ya kuinulia mizigo iliyokufa zamani katika kiwanda cha chai. Wiki iliyofuata zikaja batri za malori, kumi na mbili, zikapangwa kwenye sebule yangu kama wageni wa kilio.

"Mama Sagesse," akaniambia. Sagesse ni binti yetu wa pekee, wakati ule alikuwa Katana anasomea uuguzi. "Essence tunaiombaka kwa batu. Courant ya umeme inatokaka ku mto Ruzizi, hapa chini. Maji iko yetu. Inchi muzima inaweza kutembea na courant."

"Inchi gani? Hii yenye courant inakatikaka mbele maharagi haijaiva?"

Hakunisikia. Alitoa injini, akatia mota, akapanga batri chini ya ubao nyuma, na baada ya miezi mitano gari ikatembea. Sitamnyima haki yake. Ilitembea kimya, ukasikia matairi tu na midomo ya majirani. Siku ile nililia kwa furaha, na nikamwomba Mungu msamaha kwa yote niliyosema kuhusu sebule yangu.

Kama angeishia pale tungekuwa salama. Lakini mwalimu akipata kitu lazima akiandike. Akaandika étude de faisabilité, yaani uchunguzi wa kujua kama jambo linawezekana au haliwezekani, kurasa arobaini na tatu: maji ya Ruzizi, maji ya bwawa la Inga, idadi ya magari ya Kinshasa, jinsi Kongo itakavyoacha kununua mafuta ya watu. Aliambiwa kuna wafadhili watakuja kuona. Kwa ajili yao akachukua rangi nyeupe, akaandika kwenye mlango wa gari kwa herufi kubwa: 100% COURANT. AUTONOMIE: 80 KM. Maana yake, ukiishaichomeka gari kwenye umeme ikashiba, itakwenda kilomita themanini kabla ya kusimama.

Themanini. Mimi ni mwalimu wa mwaka wa sita primaire, namba nazijua, na gari hiyo nilikuwa nimeisukuma kwa mikono yangu mwenyewe.

Sikuisukuma peke yangu. Avenue nzima, mtaa wetu wote, iliisukuma. Na kwa kuwa hakuna mtu wa Kadutu anayesukuma bure, jirani yetu Maman Bintu, anayeuza sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, pale sokoni, alitunga sheria: aliyesukuma katikati ya juma, Jumapili anabebwa mpaka misa. Sheria nzuri, ila Jumapili ya kwanza watu kumi na wanane walidai kwamba walisukuma, mmoja wao akiwa na mguu uliovunjika. Basi nikanunua daftari. Kila gari ilipozima niliandika tarehe, mahali, kilomita ilizokwenda tangu kuchomekwa, majina ya waliosukuma, na kwenye safu ya mwisho nani alibebwa. Mpaka mwezi wa kumi gari ilikuwa imezima mara thelathini na moja. Siku mbaya kabisa ilikwenda kilomita tisa. Siku nzuri kabisa, kumi na tisa.

"Papa Sagesse, futa ile themanini," nilimwambia. "Andika kumi na tisa, watu watakuheshimu."

"Hesabu iko sawa. Ni batri ndio zilizeeka."

Mtu aliyesoma akishaandika kitu, kukifuta kwake ni sawa na kung'olewa jino. Nikamwacha. Kosa langu lilikuwa hapo, na ninalikubali.

Wafadhili hawakuja. Walikuja askari.

Ilikuwa Alhamisi mchana. Nilitoka shuleni nikakuta gari haipo na mume wangu hayupo, na Maman Bintu amesimama mlangoni kwangu akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Wakati ule gari ikichukuliwa na wenye bunduki, dereva anachukuliwa nayo. Gaston wa avenue ya pili alichukuliwa na Daihatsu yake mwezi wa nane. Mke wake bado alikuwa anazunguka kwenye maofisi anauliza, na kila ofisi ilimwambia arudi kesho.

Maman Bintu hakukaa bure siku ile. Askari mmoja alinunua sambaza kwake, akaongezewa kiganja kimoja cha bure, na mdomo wake ukafunguka. Komanda wao alitaka gari isiyo na sauti. Kwenye njia ya Luhwindja, kule kunakochimbwa dhahabu, watu walisikia injini toka mlima wa pili, wakajipanga kuvizia. Gari ya mwalimu haisikiki, na mlango wake umeandikwa kilomita themanini, ambazo zingetosha kufika. Wangeondoka Jumamosi alfajiri, Venant kwenye usukani.

Nilikaa chini kwenye kiti nikahesabu, kwa sababu mimi nikiogopa ninahesabu. Kilomita ya kumi na tisa, labda kumi na tano kwa uzito wa askari, gari itazima katikati ya vilima, mahali penyewe pa kuviziwa. Komanda atatazama ule mlango ulioandikwa themanini. Kisha atamtazama mume wangu na kusema, huyu ametuleta hapa tufe. Yanayofuata hayahitaji shule.

"Batamuua juu ya ile namba," nikasema.

"Basi tuende na yako," akasema Maman Bintu, akaninyooshea daftari.

Asubuhi ya Ijumaa nilivaa kikwembe changu cha misa, tukashuka mpaka kwenye nyumba kubwa kando ya ziwa alikokaa komanda. Tulisimama getini saa nzima. Walipotuingiza nilimwona Venant amekaa juu ya sanduku la bia, ndevu zimeota, miwani iko mahali pake.  Gari ilikuwa karibu naye, imechomekwa kwa waya mrefu uliotoka dirishani. Na yeye, mtu wa kupelekwa kufa, alikuwa anapima batri moja baada ya nyingine.

Komanda alikuwa mtu mfupi, mwenye koti la mvua, anakunywa chai.

"Jambo, chef," nikasema. "Mimi iko bibi ya huyu professeur. Nilikuja kukuambia ile gari haifikake Luhwindja."

"Mulango inasema inafikaka."

"Mulango inadanganya."

Venant akainua kichwa. Nilimfungulia komanda daftari mezani, mbele ya chai yake. Venant alilitambua, akainuka kwenye sanduku lake.

"Mama Sagesse, ile cahier hapana," akasema polepole.

"Ni ile ile," nikamjibu.

Nikasoma. Tarehe tatu mwezi wa sita, mbele ya soko, kilomita kumi na mbili, walisukuma Maman Bintu, Colette, Thierry na fundi viatu. Tarehe nane, kwenye kona ya parokia, kilomita kumi na nne. Kila niliposoma, Maman Bintu aliitikia kwa kichwa na kusema, "Nilikuwa pale, ile siku viatu yangu ilikatika." Nilisoma zote thelathini na moja. Mume wangu alitazama ziwa muda wote. Nilimvua nguo mbele za watu, najua, na nilikuwa tayari kumvua tena.

Komanda aliuliza mambo mawili. Kwanza, hivi kwa nini majina. Nikamweleza sheria ya Jumapili, na askari mmoja akageuka kuficha kicheko. Pili, atajuaje kwamba sikuliandika daftari usiku uliopita.



"Basi tunaipima leo," komanda akasema. "Tunazunguka muji. Chauffeur wangu ndio anaendesha. Ikifika arobaini, kesho inaenda, na professeur anaenda nayo. Ikizima mbele ya arobaini, tunaona. Lakini mutu akiizimisha na mukono yake, huyo mutu harudiake kwake."

Venant akaondoa waya kwa adabu zake zote, akasema, "Iko plein, imejaa kabisa, komanda. Ililala inakula courant mpaka asubuhi, haikukatika hata mara moja."

 Kwetu Kadutu umeme ulikatika mara tatu kila usiku. Kule kando ya ziwa, kwa wakubwa, haukukatika. Gari ile haikuwa imewahi kushiba namna ile tangu izaliwe.

Komanda, dereva wake na Venant wakakaa mbele. Mimi na Maman Bintu tukawekwa nyuma pamoja na askari sita, tumekaa juu ya ubao wenye batri chini yake. Tukaanza kupanda kuelekea mjini. Watu kando ya njia walitazama gari iliyojaa bunduki inapita bila sauti, na wengine walifanya ishara ya msalaba.

Dereva wa komanda alikuwa na mguu mzito. Alikanyaga kama anaua nyoka. Nikafurahi kimoyomoyo, kwa sababu mguu mzito unamaliza batri upesi. Ndipo nikasikia sauti ya mume wangu kupitia kidirisha cha nyuma.

"Polepole, ndugu. Ukikanyaga kidogo kidogo, utapata kilomita mingi."

Nilipiga kile kidirisha kwa kiganja mpaka komanda akageuka. Nikasema nimeumwa na siafu. Mtu huyu alikuwa anampa muuaji wake masomo. Nilimjua kwa shingo tu, nyuma ya kioo: ilikuwa imenyooka, ya mtu aliye darasani, anayesikilizwa. Dereva akapunguza mguu, maana Venant anafundisha vizuri, hata mjinga anamwelewa.

"Kumi," akaita Venant, akisoma mita ya kilomita, tulipopita Essence. Tukashuka hadi mtaa wa Panzi. "Kumi na tatu." Tukageuka, tukaanza kurudi. Maman Bintu alikuwa ametoa rozari, anaomba gari izime. Nilimuunga mkono. Sijui kama Bikira Maria aliwahi kuombwa kitu kama hicho.

"Kumi na saba."

"Kumi na nane."

Gari haikuonyesha hata kuchoka. Nilianza kuichukia, chuma kile nilichokililia kwa furaha.

"Kumi na tisa," akaita Venant, na sauti yake ilikuwa na raha ndani yake. Komanda akachungulia nyuma kupitia kidirisha, akanitazama mimi, akalitazama daftari mapajani mwangu.

"Ishirini."

Yule askari aliyecheka asubuhi sasa alikuwa ananitazama kwa huruma. Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Nililifunga daftari, nikawaza nitamwambia nini Sagesse.

"Chef," nikasema kupitia kidirisha, "kama muko napima gari ya Kadutu, muipandishe Kadutu."

Komanda akafikiri, akamwonyesha dereva kwa kidole. Tukakata kuelekea mlima wetu. Kwenye njia ile hata mbuzi husimama kwanza ajipange. Gari ikaanza kupanda. Ishirini na moja, Venant akasema, safari hii kwa sauti ndogo. Nilitazama shingo yake. Haikuwa imenyooka tena. Nadhani ndipo alipoelewa, katikati ya mlima, kwamba kila kilomita aliyokuwa anaishangilia ilikuwa inamtoa nyumbani kwake.  Dereva alimuuliza akanyage namna gani hapa, naye hakujibu.

Gari ikapunguza mwendo. Nikahisi ubao chini yangu unatulia. Ikasogea kidogo, ikasogea tena kidogo, halafu ikasimama kabisa, mbele ya kibanda cha Maman Bintu, pale pale ilipokuwa imezima mara saba.

 Dereva akajaribu tena. Akajaribu mara ya tatu. Gari ikaanza kurudi nyuma, askari wote sita wakaruka chini kuizuia kwa mabega.

Komanda akashuka, akamshusha Venant. Watu wa soko walikuwa wamejaa pande zote.

"Professeur," akasema, "mulango yako inasema themanini. Bibi yako anasema kumi na tisa. Mimi niliona ishirini na mbili. Nani anadanganya?"

Nilijua ugumu wa neno alilotakiwa kulitoa. Miaka kumi na tisa ya ndoa, sijawahi kumsikia akilisema, hata kwangu. Alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Iko mimi, komanda," akasema. "Mimi ndio nilidanganya. Nilipiga hesabu bila milima."

Komanda akatazama juu, kule nyumba zinakopandana hadi mbinguni. Akatazama chini, ziwa liko mbali huko.

"Bila milima," akasema. "Ku Bukavu."

Yule askari wa asubuhi hakuweza tena kujizuia. Alicheka huku bega lake bado liko kwenye gari, na mwenzake akacheka, na soko zima likalipuka. Komanda hakucheka, ila uso wake ulilegea. Alisema gari hii ni ya kupeleka wamama misa. Alisema atachukua batri nne kwa ajili ya phonie yake, ile redio ya kuongelea na wenzao walio mbali, na zilizobaki professeur abaki nazo, na professeur mwenyewe abaki kwake.

Abaki. Nililirudia neno hilo moyoni mpaka likanitosha.

Lakini batri zilikuwa zimefungwa kwa spana, na spana zilikuwa nyumbani kwetu, mita mia tatu juu zaidi. Komanda akawaamuru watu wake. Askari sita wakaweka bunduki mgongoni wakaanza kusukuma. Venant alikaa kwenye usukani kushika njia, mimi nikatembea kando ya mlango wake, na Maman Bintu akatangulia mbele anasema, "Mupishe, mupishe," kana kwamba yeye ndiye amekodi jeshi. Jasho liliwatoka askari wale. Mmoja aliniuliza kama ni kweli Jumapili wanaosukuma wanabebwa. Nikamwambia ni kweli, mwanangu. Alikuwa wa umri wa binti yangu.

Walizichukua batri nne, wakashuka nazo vichwani. Hatukuwaona tena, si Jumapili ile wala nyingine. Nilifunga mlango, nikaufunga tena kwa komeo, kisha nikamkalisha Venant na kumshika uso mzima kwa mikono yangu, na kulia sikuona haya.

Alikula bugali na sambaza za Maman Bintu sahani mbili. Aliponawa mikono akatoka nje na kitambaa na mafuta ya taa. Nilimfuata. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango wa gari, anasugua ile 80 mpaka ikatoka. Akachukua rangi, akaandika: AUTONOMIE: 22 KM. Akafikiri. Chini yake akaongeza: NA MILIMA.

"Inchi muzima bado inaweza," akasema, bila kunitazama. "Itahitaji tu batri nzuri. Na courant isiyokatika."

"Na vita viishe."

"Hiyo sikuitia kwenye hesabu."

"Utaitia kesho," nikamwambia. "Ingia ndani."

Kabla ya kulala nilifungua daftari kwenye ukurasa mpya. Nikaandika: Ijumaa, tarehe 15 mwezi wa kumi. Mbele ya kibanda cha Maman Bintu. Kilomita 22. Waliosukuma: askari sita. Nikafika kwenye safu ya mwisho, ile ya majina ya waliobebwa, ambamo mume wangu hakuwahi kuandikwa hata mara moja, kwa kuwa siku zote yeye ndiye aliyewabeba wengine. Nikaandika: Papa Sagesse, mpaka kwake.